Mbuzi ya kung'aa ya 650 na mbuzi ya fundi ya 1,200: nimezipiga tupa zote mbili

Salaam aleikum, hamjambo, karibuni tena hapa kwangu Kisauni, na leo sina maneno mengi ya mwanzo kwa sababu nimekasirika. Hii hapa. Sogeza kamera, sogeza kabisa waone meno. Hii ni mbuzi ya kukunia nazi niliyonunua duka moja hapa mjini wiki tatu zilizopita, shilingi 650, yang'aa kama kioo, yakunjika vizuri, mbao imepigwa vanishi, nikasema hapa nimepata. Sasa tazama jino la tatu kutoka kushoto, na hili la nne, na huku mwisho. Yamelala! Meno ya mbuzi yamelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, na mimi sikukuna mawe, nimekuna nazi za wali, nazi za mbaazi, na siku moja za mahamri basi. Wiki tatu.

Sitawaeleza mbuzi yakaliwaje au yakunjwaje, nyinyi wote mmezikalia tangu mko wadogo. Nataka tuangalie chuma. Chuma tu. Kwa sababu mbao ikivunjika utapigilia nyengine, lakini meno yakilala umebaki na kigoda.

Sasa hii ya pili, hii nyeusi isiyovutia. Hii nimetengenezewa na fundi kule Kongowea, 1,200, na nilipoambiwa bei nilitaka kuondoka wallahi. Nikamuuliza, mzee, mbona karibu mara mbili ya ile ya dukani? Akanambia, "Mwanangu, hii ni springi ya lori, shika kwanza." Nikashika, nzito. Springi za lori ni chuma chenye kaboni ya kutosha, ndio maana chaweza kupikwa kikawa kigumu. Alikipasha moto mpaka kikawa chekundu, akakichovya kwenye oili, chwaaa, halafu akakirudisha motoni tena lakini moto wa pole. Hapo kwenye moto wa pole nilimuuliza sana kwa sababu sikuwa naelewa, kwani si umeshakifanya kigumu? Akasema kikitoka kwenye oili ni kigumu kupita kiasi, chavunjika kama biskuti, ule moto wa pili wakipunguza kidogo kiweze kuvumilia. Hiyo ndiyo kazi uliyolipia, rangi haimo.

Haya, sasa tupa. Hii ni tupa ya pembe tatu, ile ya kunolea misumeno, nimeinunua 250 na naomba kila mtu awe nayo nyumbani. Nyamazeni, zima feni hapo. Naanza na ile ya kung'aa, naisugua huku pembeni, sitaki kuharibu meno yaliyobaki. Sikizeni. Krrr, krrr. Mwasikia inavyokula? Na hebu njoo na kamera hapa chini, mwaona unga wa chuma kwenye karatasi? Mara mbili tu nimesugua, tayari kuna alama ya kuingia kucha. Tupa yenyewe ni chuma kigumu sana, kwa hivyo kitu ikikila kwa ulaini hivi ujue hata kifuu cha nazi kitakipindisha.

Sasa hii nyeusi. Sikizeni tena. Siii... mwasikia tofauti? Yateleza. Nikikaza mkono, hapa, sasa yaanza kushika, yashika kidogo kidogo. Narudia tena ili msiseme nimefanya makusudi, mkono uleule, nguvu ileile. Yateleza, halafu yashika kidogo. Hapo ndipo nataka. Ingeteleza moja kwa moja kama inapita kwenye gilasi ningeogopa, maana hicho chuma ni kigumu mno, jino litakatika na ukilitaka kulinoa hulinoi. Ikila kama sabuni, laini. Ikigoma kwanza halafu ikashika, chukua twende.

Na usikubali mwenye duka akwambie usijaribu. Mwambie nasugua hapa nyuma ambapo hapaonekani, nikinunua ni yangu. Akikataa kabisa, na wewe rudi nyumbani na pesa zako.

Najua kuna watu mtaandika kwenye komenti, dada mbona hukuweka sumaku. Video iliyopita ya masufuria mulinijaza sumaku, sumaku, sumaku. Haya nimeileta, hii nimeitoa kwenye spika mbovu. Naweka kwenye ile ya kung'aa, haishiki. Yaanguka. Na mwenye duka alinionyesha hivyohivyo akifurahi, "mwaona, stenlesi safi." Na kweli sikatai, chuma cha pua kisichoshika sumaku mara nyingi ni kile cha 18/8, kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, kwenye sufuria na bakuli mimi mwenyewe nakitafuta. Lakini sikizeni hapa maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui: chuma cha aina hiyo hakikubali kupikwa kikawa kigumu. Utakipasha, utakichovya, kitabaki laini vilevile. Kwa hivyo kwenye kitu cha kukwaruza au kukata, sumaku kukataa si habari nzuri! Visu vizuri vya stenlesi vyashika sumaku, nenda jikoni kwako saa hii ujaribu. Mimi nimekwenda na sumaku kununua vitu miaka mingi, na kwa mbuzi ilikuwa yanipoteza.

Lakini nitende haki, maana ile ya kung'aa haikupata kutu hata nukta. Hii nyeusi siku ya tatu tu niliiacha na maji karibu na dirisha, asubuhi ina vidoa vyekundu, na huu upepo wetu wa bahari mwaujua, hata bawaba za mlango zaliwa. Sasa nikimaliza naosha, nafuta kwa kitambaa kikavu, napaka mafuta ya nazi kwa kidole, naining'iniza. Dakika moja. Kama wewe wajijua hutapaka mafuta, nyumba ina watoto wengi na mtu wa mwisho akikuna aitupa kwenye karai la maji, basi sijui, labda... hapana, hata hivyo siwezi kukwambia ununue ile. Tafuta ya kung'aa inayoshika sumaku na inayogomea tupa, hiyo itakufaa.

Kidogo habari za chaneli: video sasa zitakuwa Jumamosi usiku, siyo Ijumaa, kwa sababu Ijumaa wengi wenu mwanambia hamna nafasi. Na nimenunua maiki mpya, semeni kama sauti iko sawa. Kama hujasabskraibu fanya hivyo, yanisaidia kununua vitu kwa pesa yangu mwenyewe, maana hakuna duka lililonipa chochote hapa.

Na blenda? Nawajua mtauliza. Blenda naitumia nikiwa na haraka, wakata nazi vipande, maji ya vuguvugu, wasaga. Lakini ile ngozi ya kahawia ya nyuma yasagika pamoja na nyama usipoimenya, na tui latoka na rangi. Kwenye mbuzi mkono wako wajua pa kukomea. Tazama nakuna, nazungusha, naanzia pembeni naingia kati, naona nyeupe inaanza kuisha, nasimama. Tazama hiyo nazi iliyokunwa ilivyo nyeupe. Na yatoka kwa nyuzi fupi fupi sawasawa kwa sababu meno yamesimama, ile nyengine ilikuwa yatoa mabonge. Nazi moja nimeimaliza nikiwa naongea na nyinyi. Wale wa mashine za sokoni nao wafanya haraka, siwasemi vibaya, ila mkono unaoamua pa kukomea si wako.

Kuna ndugu yangu wa Kaloleni aliniomba niseme kuhusu majembe na mapanga, ndio nikaona niseme humu humu kwani tupa ni ileile. Panga lisugue kwenye makali na pia karibu na mpini, usikie kama ugumu wafanana. Jembe sugua mdomo wake. Lakini kwenye jembe kuna jambo la pili, angalia tundu la kutilia mpini. Kama tundu limechomelewa juu ya bamba, angalia weldi imezunguka pande zote au imeguswa guswa sehemu mbili, kwa sababu ardhi ngumu ya kiangazi hapo ndipo itakapofungua. Lile lililofuliwa kipande kimoja na tundu lake ni ghali kidogo, na mimi ndilo ningenunua. Mpini angalia nyuzi za mti zinakwenda urefu wote, zikikata kando kando utavunjika siku ya kwanza ukikutana na jiwe.

Sasa hii ya kung'aa nitampelekea fundi, nimeshazungumza naye, atoe hiki chuma atie kipande cha springi kwenye mbao hii hii, aniambia 500, maana mbao yake ni nzuri na inakunjika. Ningelijua mapema ningenunua mbao tu! Nikirudi nayo nitaipiga tupa mbele yenu.

Jumamosi naleta bomba la kunyunyizia dawa shambani, lile la mgongoni la lita 16. Liko pale nje, nimelijaza maji tangu jana asubuhi na nimeweka gazeti kavu chini yake. Sijaliangalia bado, tutaliangalia pamoja.