Global Bike na ERPsim kwa darasa la MBA, rivyu ya mwalimu

Nyie wenzangu mnaofundisha MBA mkapewa somo la sistimu za ERP, yaani programu moja inayounganisha kazi za idara zote za kampuni, na bado hamjui mtumie nini darasani, hii inawahusu. Mi nafundishia vitu viwili, zile kesi za Global Bike zinazopatikana kupitia SAP University Alliances, mpango wa vyuo wa SAP, kampuni inayotengeneza sistimu za ERP, na gemu la ERPsim la HEC Montréal, chuo cha biashara cha Kanada. Kama ni lazima uchague kimoja chukua ERPsim, ila ukivipata vyote anza na Global Bike kidogo tu halafu ingia kwenye gemu mapema.

Global Bike ni kampuni ya baiskeli ya kutunga, ina upande wa Marekani Dallas na upande wa Ujerumani Heidelberg, na data zote zimeshawekwa ndani, wateja, wasambazaji, maghala, bei. Kila mwanafunzi anapewa namba yake na ile namba inakaa mwishoni mwa misimbo ya bidhaa zake, kwa hiyo darasa zima linafanya kazi kwenye sistimu moja bila watu kugongana. Hapo wametulia kweli. Mtu anaandika oda ya manunuzi kwa ME21N (hizi ni kodi fupi za kufungulia skrini za SAP), mzigo ukifika anaupokea kwa MIGO, invoisi anaiingiza kwa MIRO, na sistimu inalinganisha hivyo vitatu kabla msambazaji hajalipwa.

Sasa msikimbie hapo jamani. Mi huwa nawasimamisha wakimaliza tu MIGO, invoisi haijaja bado, nawaambia fungueni hati ya uhasibu iliyotokea. Wanakuta akaunti ya stoo imedebitiwa na upande wa pili imekreditiwa akaunti ya kati inayosubiri invoisi, yaani mtu wa ghala ambaye hajasoma uhasibu hata siku moja kabofya kuhifadhi na vitabu vya kampuni vimebadilika palepale. Waliotoka benki wanakodoa macho, wa masoko wanauliza je akikosea idadi inakuwaje? Swali hilo likishatoka, hapo ndo somo limeanza, maana sasa wanaongelea nani apewe ruhusa gani na nani amkague nani, na hiyo ni kazi ya meneja.

Lakini ukimpa mwanafunzi mwongozo wa hatua kwa hatua peke yake ukakaa pembeni umempoteza. Bofya hapa, andika hivi, hifadhi, anafika mwisho kila kitu sawa na ukimuuliza umefanya nini anabaki anakuangalia. Huyu wa MBA hatakuja kuingiza oda siku nzima, huyu kesho anakaa kwenye kikao cha kuamua sistimu inunuliwe au la.

Ndo maana naipenda sana ERPsim. Kwenye gemu la utengenezaji, timu zinaendesha kampuni za muesli, nafaka za kifungua kinywa, zinazoshindana soko la Ujerumani, ndani ya SAP yenyewe kabisa, ila wateja wanaendeshwa na kompyuta na siku za kampuni zinakimbia, mwalimu ndo anapanga kasi. Mmoja anaweka makadirio ya mauzo MD61, mwingine anaendesha mpango wa mahitaji MD01, mwingine anageuza maombi kuwa oda za manunuzi ME59N, wa bei yuko VK32. Raundi ya kwanza ni kelele tupu na iwe hivyo, usiwaokoe. Utaona timu imeshusha bei ya muesli ya stroberi, inauza kweli kweli, wanapongezana kwa kugonganisha mikono, halafu stoo inaisha na malighafi haijaagizwa kwa sababu wa makadirio hakuambiwa bei imeshuka. Timu nyingine imejaza ghala bidhaa isiyotoka, pesa yote imelala pale. Raundi inayofuata huhitaji kumshawishi mtu kwamba idara zinategemeana, wenyewe wamegeuza viti wanaangalia ripoti moja.

Baada ya gemu ndo nawapa habari ya Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, mwaka 1999, sistimu mpya zikawashwa kwa mpigo mmoja Julai, karibu na msimu wa Halloween ambao ndo wa mauzo makubwa ya pipi, na oda za zaidi ya dola milioni 100 zikashindwa kufika kwa wateja. Ukiwapa kabla ya gemu wanasema wazembe hao. Ukiwapa baada, wanauliza nani alipanga ule muda.

Angalizo sasa. ERPsim inataka mwalimu awe amefunzwa na kupata cheti chao, na chuo lazima kiwe na njia ya kuifikia SAP, kwa hiyo anzeni kufuatilia mapema sana. Chuo kisipokuwa na hiyo njia, kuna Odoo, sistimu nyingine ya ERP, toleo lake la jamii ni la bure, lilianza 2005 huko Ubelgiji kwa jina la TinyERP, skrini zake nyepesi na darasa linaweza kujenga kampuni kutoka sifuri, jambo ambalo kesi iliyojazwa tayari haikupi. Ila soko la ushindani haliji nalo, itabidi ulitunge mwenyewe.

Na alama msitoe kwa faida peke yake, timu inaweza kubahatisha. Mi nawaambia wachague uamuzi mmoja walioufanya katikati ya raundi, wafungue ripoti waliyokuwa wanaiangalia wakati ule, na wanieleze namba ipi iliwasukuma na ipi hawakuiona.