Blood Hunter mezani kwetu: damu anayolipa si ghali kama inavyotisha

Kwenye Dungeons and Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, kila klasi ya nje (aina ya mhusika isiyo ya kitabuni) ikiletwa mezani mabishano huwa yale yale. Mmoja anasema imezidi nguvu, mwingine anasema ni takataka, na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu akapiga hesabu. Blood Hunter ya Matthew Mercer ndiyo iliyotugawanya kuliko zote, kwa sababu mhusika wake hujikata mwenyewe ili apate nguvu. Nimeicheza kuanzia levo ya 2 hadi ya 7, kwa sheria za D&D za mwaka 2014 na nakala ya klasi iliyorekebishwa mwaka 2020. Hukumu yangu: mizani yake iko karibu sana na klasi za kitabuni. Kinachoipinda ni jinsi sisi watu wa Nairobi tunavyocheza.

Historia yake ni fupi. Mercer aliitengeneza kwanza mwaka 2015 kwa jina la Witch Hunter, kwa ajili ya mchezo aliomwendeshea mwigizaji Vin Diesel, kisha akaifumua na kuishona upya. Kwenye D&D Beyond, tovuti ya mchezo huu, inapatikana bure. Mimi hupenda karatasi, kwa hiyo nilinakili mambo muhimu na kuyachapisha kwenye saiba pale Ngara, na jamaa wa saiba akaniuliza kama hayo ni mambo ya majini.

Sasa tuingie kwenye damu. Kuanzia levo ya 2 una Crimson Rite, yaani tambiko la damu: unatumia tendo la ziada (una moja tu kila zamu), unarusha dadu yako ya damu, unapoteza pointi za uhai kiasi kile kilichotoka, na silaha yako inaongeza dadu hiyohiyo kwenye kila pigo linaloingia. Ni kama nauli ya matatu, unalipa ukipanda na hudaiwi tena mpaka ushuke, na hapa kushuka ni kupumzika, kuwe kufupi au kurefu. (Au kuachilia silaha, jambo ambalo DM wetu, yaani mwendesha mchezo, dada mmoja mkali sana, hulikumbuka kila mara.) Dadu hiyo huanza na pande 4, inakuwa ya pande 6 levo ya 5, pande 8 levo ya 11, na pande 10 levo ya 17.

Wanaosema klasi hii inajiua yenyewe wanaangalia levo za chini tu. Ukiwa levo ya 2 na Constitution (ustahimilivu) ya kawaida ya +2, una pointi 20, na tambiko linakula wastani wa 2.5. Hapo inauma. Lakini levo ya 5 una pointi 44 na bei imepanda hadi 3.5 tu. Chukua mashambulizi mawili kwa raundi, yanayopata mara 65 kwa 100: tambiko linakuongezea karibu pointi 4.5 za madhara kila raundi. Kabla raundi ya kwanza haijaisha, deni limeshalipwa. Ranger, klasi ya mwindaji wa porini, akitumia uchawi wa Hunter's Mark anapata dadu ileile ya pande 6, ila yeye anachoma nafasi ya uchawi, anashikilia umakini unaoweza kuvunjwa kwa kofi moja, na anahamisha alama kila adui anapoanguka. Ukiwaweka hawa wawili pamoja, Blood Hunter amependelewa, na sioni haja ya kulificha.

Basi imezidi? Mlinganishe na Paladin, klasi ya shujaa mtakatifu, kwanza. Levo ya 5 Paladin ana nafasi nne za uchawi za ngazi ya kwanza na mbili za ngazi ya pili. Akizimwaga zote kwa Divine Smite, pigo linalochoma nafasi ya uchawi kuongeza madhara, anapata dadu 14 za pande 8, wastani wa 63 kwa siku nzima. Blood Hunter anahitaji takriban raundi 14 kuifikia hesabu hiyo kwa tambiko lake. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Kitabu cha DM cha 2014 kinachukulia kwamba siku moja ya safari inaweza kubeba mapambano 6 hadi 8, na mapumziko mafupi kama mawili katikati. Kwa mwendo huo Blood Hunter anampita Paladin bila kelele.

Sasa tazama Jumapili yetu South B. Mmoja amekwama Mombasa Road, mwingine anataka kuondoka kabla nauli haijapanda jioni, chai inachukua nusu saa. Tukijitahidi sana tunapigana pambano moja kubwa, kisha wahusika wanalala. Raundi nne. Paladin wetu hana sababu ya kubana chochote: anapiga smite kwenye kila pigo linaloingia na kuondoka na zaidi ya 50 za ziada, mimi nina 18. Halafu mtu anageuka na kusema klasi yangu ndiyo iliyovunja mchezo! Kwa sheria za 2024 pengo linapungua, maana smite imekuwa uchawi unaokula tendo la ziada, hivyo huwezi kuipiga mara mbili kwenye zamu moja.

Tendo la ziada ndilo linalomsumbua Blood Hunter pia, tena kuliko damu. Tambiko linalitaka. Laana nyingi, nguvu nyingine anazowarushia maadui, zinalitaka. Ukibeba silaha mbili, pigo la mkono wa pili linalitaka, na kila silaha inadai tambiko lake na damu yake. Raundi yako ya kwanza inaisha ukiwa bado unajiandaa. Atakayeniuliza nitamwambia achukue upanga mmoja mkubwa na aachane na mapanga mawili, hata kama kwenye picha yanapendeza.

Laana zenyewe hazilingani. Ile ya Marked inaongeza dadu moja zaidi ya damu hadi mwisho wa zamu yako tu. Kwa matumizi unayopata mara moja kati ya mapumziko (mara mbili kuanzia levo ya 6), ni hasara tupu. Binding ni nyingine kabisa. Adui akishindwa kujikinga kwa Strength (nguvu za mwili), mwendo wake unakuwa sifuri na hawezi kutumia tendo la kujibu. Ukiongeza damu kidogo, anaweza kukaa hivyo hadi dakika nzima. Zimwi la DM lilisimama mlangoni kama mlinzi wa usiku huku wapiga mishale wetu wakilimaliza taratibu. Dada alitabasamu, lakini si kwa furaha.

Kati ya matawi ya klasi hii, la Lycan (mtu anayegeuka mbwa mwitu) ndilo pekee ambalo ningelitilia alama nyekundu. Levo ya 3 unageuka nusu mnyama kwa muda wa hadi saa moja, na unapata tena uwezo huo kila ukipumzika kidogo. Silaha zisizo za kichawi wala za fedha zinakupa nusu tu ya madhara yake. Barbarian, klasi ya mpiganaji wa hasira, wa levo hiyo ana hasira mara tatu kwa siku, dakika moja kila moja. Kweli, yeye hupunguza hata mapigo ya silaha za kichawi, lakini majambazi wa levo ya 3 wanazitoa wapi? Tena makucha ya Lycan yanahesabiwa kama silaha moja kwa tambiko, kwa hiyo lile tatizo la silaha mbili linayeyuka. Breki yake ni kiu ya damu: ukianza zamu ukiwa chini ya nusu ya uhai, unarusha dadu ya pande 20 na kuongeza Wisdom (busara) yako, ukitafuta 8 au zaidi, na ukishindwa unamvamia aliye karibu nawe zaidi, hata kama ni mwenzako. Kwa Wisdom ya +1 unashindwa mara 30 kwa 100. Breki inafanya kazi, ila inaumiza zaidi anayekuponya kuliko wewe, na mganga wetu amenilalamikia vya kutosha.

Kwa DM anayefikiria kuiruhusu: usiguse tambiko wala usipandishe bei ya damu. Ruhusu mapumziko mafupi mawili hata kama pambano ni moja, kwa mfano kwa kuligawa pambano hilo kwenye milango miwili, na siku ya safari muiendeleze kikao kinachofuata badala ya kulaza wahusika kila Jumapili. Mchezaji akichagua Lycan, wape maadui wachache visu vya fedha kuanzia mwanzo. Dada yetu ameshawapa, na sasa kabla sijageuka nauliza kwanza nani ana kisu gani.