Ofisi ya maveterani ya kaunti, Texas: bure, polepole, na kazi wanaijua

Naipa nyota nne kati ya tano. Naandika hasa kwa ajili ya wake na waume wa wanajeshi wetu tunaoishi Texas, Wabongo na Wakenya, kwa sababu wengi wa wenzi wetu waliingia jeshi la Marekani kupitia MAVNI, mpango ulioanza mwaka 2009 na kuwachukua wageni waliojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwemo. Mume wangu ni mmoja wao. Alipelekwa Afghanistan, akarudi na kifua kinachobana, magoti yanayouma na masikio yanayovuma usiku kucha. Alipotoka jeshini alikaa miaka kadhaa bila kudai hata senti. Kwake yeye, fidia ni ya aliyekatwa mguu.

Wanaofikiri hivyo ni wengi, na hakuna wa kuwasahihisha. VA, idara ya serikali inayohudumia wanajeshi wa zamani, haikutafuti ikuulize unaumwa nini. Usipodai hulipwi. Ndiyo maana ofisi hii ya kaunti ina umuhimu kuliko watu wanavyodhani.

Aliyetuhudumia ni mzee mmoja, sajenti mstaafu. Analipwa na kaunti, si na VA, lakini ameidhinishwa na VA kuwasaidia watu kuandaa madai. Wewe hulipi chochote, si leo wala siku fedha zikitoka. Mume wangu alipoanza kumsimulia habari za magoti, mzee alimkatisha kwa upole, akamwekea mbele fomu 21-0966. Hiyo ni ya kuijulisha VA kwamba unakusudia kudai. Ikishapokelewa una mwaka mzima wa kukusanya karatasi zako, na dai likikubaliwa malipo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe ya fomu hiyo, si tarehe uliyomaliza kukusanya. Wanaokaa nyumbani wakisubiri faili litimie ndipo waende hupoteza fedha za miezi mingi. Ukisoma maoni haya ukaishia hapa, kajaze hiyo.

Halafu akatufundisha yale yaliyotushinda kuelewa peke yetu. Kwanza, kifua. Kambini Afghanistan takataka zilichomwa kwenye mashimo ya wazi, plastiki, mafuta, kila kitu, na askari wakavuta moshi ule. Sheria iitwayo PACT Act, iliyosainiwa Agosti 2022, inasema aliyetumikia sehemu hizo akapata pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, au sainasi sugu, hahitaji tena kuthibitisha kwamba moshi ndio uliomwumiza. Inatosha kuonyesha kwamba alikuwepo na kwamba anaumwa. Orodha ya sehemu hizo si Iraq na Afghanistan tu. Somalia na Djibouti zimo pia, kwa hiyo kama mwenzi wako alipangiwa huku kwetu Pembe ya Afrika, liulizie hilo.

Pili, hesabu ya asilimia ambazo VA hutumia kupima ulemavu na kupanga malipo, hesabu ambayo kila mtu huiona kama dhuluma mpaka aelezwe. Ulemavu wa asilimia 50 na mwingine wa 30 havifanyi 80. VA huchukua 50 kwanza, halafu 30 inapigwa kwenye nusu iliyobaki, unapata 15, jumla 65, ndipo inasogezwa kuwa 70. Mzee aliichora kwenye bahasha ya kaki, na mimi mwalimu wa hesabu wa zamani nikatosheka. Jambo la kushika hapa ni 30. Ukifika asilimia 30, malipo huongezwa kwa ajili ya mke au mume, watoto, na wazazi wanaokutegemea.

Wazazi! Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Mama mkwe wangu yuko Moshi, na kila mwezi sisi ndio dawa zake za presha, sisi ndio mshahara wa binti anayemsaidia. Kwa mzazi anayeishi Marekani mwenye kipato kidogo sana VA ina kiwango maalumu, akiwa chini yake anahesabiwa moja kwa moja kuwa tegemezi. Kwa mzazi aliye nje ya nchi njia hiyo ya mkato haipo. Mlango haujafungwa, ila ushahidi ni juu yako: kipato chake, matumizi yake, na kwamba asipopata chako hawezi kujikimu. Mzee alituambia tukusanye risiti zote za fedha tunazotuma, barua ya zahanati, na cheti cha kuzaliwa cha mume wangu kinachoonyesha jina la mama. Vyeti vilivyoandikwa Kiswahili, kikiwemo chetu cha ndoa cha kanisani, vilihitaji tafsiri ya Kiingereza yenye maelezo ya mtafsiri kwamba ni sahihi. Dai la mama bado liko VA. La mke na watoto lilipita.

Kuna kampuni moja ilitupigia simu kabla hatujaijua ofisi hii, ikijisifu kwamba itatupatia asilimia kubwa, kisha tuilipe nyongeza ya miezi kadhaa. Mzee alipotufungua macho kwa kutuambia kwamba sheria ya shirikisho hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza, nilikasirika kwa niaba ya wote waliokwisha lipa. Mwanasheria aliyeidhinishwa anaweza kutoza baadaye, ukishapata uamuzi usiokuridhisha na kutaka kuupinga. Kabla ya hapo, la.

Kwenye nyumba pia alituokolea fedha. Mkopo wa nyumba wa VA hauhitaji malipo ya awali, lakini una ada, nayo kwa anayekopa mara ya kwanza bila kutanguliza kitu ni asilimia 2.15. Kwa mkopo wa dola 300,000 hiyo ni dola 6,450. Mwanajeshi anayelipwa fidia hadaiwi ada hiyo. Sisi tulisaini mkopo dai likiwa halijajibiwa, tukalipa. Fidia ilipotoka ikahesabiwa kuanzia tarehe ya ile fomu ya kwanza, iliyotangulia siku ya kusaini, kwa hiyo tulistahili kurudishiwa, na tumerudishiwa.

Kwa wajane nisiwafiche. Kama mwenzi amefariki kwa ugonjwa uliotokana na utumishi, kuna malipo ya kila mwezi yaitwayo DIC, ambayo kiwango chake cha msingi kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 1,653.07. Dai ndani ya mwaka mmoja tangu msiba, ili yahesabiwe kuanzia mwezi wa kifo. Dada zetu hukaa eda, au husafirisha mwili nyumbani, huku mwaka unakwisha. Ndugu wanaosimamia msiba walibebe hili mapema.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu. Simu inaita mpaka inakatika. Kuweka miadi kunataka uende mwenyewe, na kwa anayefanya kazi ya zamu ya mchana hospitalini, hilo ni kuomba ruhusa kazini. Hakuna mkalimani wa Kiswahili, na mazungumzo yamejaa vifupisho vya kijeshi ambavyo mke wa askari hana lazima ya kuvijua. Niliona mama mmoja Mkongo akiitikia kwa kichwa kila alichoambiwa, na nilipomsalimia kwa Kiswahili nikagundua hajaelewa hata nusu. Tulirudi naye dirishani, nikamtafsiria. Mzee alishukuru, lakini kaunti yenye familia nyingi hivi za kijeshi ingepaswa kuwa na laini ya ukalimani kwa simu, kama hospitali zilivyo nayo.

Ukienda, beba DD214, yaani hati ya kutoka jeshini, nakala iitwayo Member-4, ile inayoonyesha namna mtu alivyoachishwa jeshi, pamoja na vyeti vya ndoa na vya watoto, na namba za akaunti ya benki. Fika asubuhi mlango unapofunguliwa; baada ya saa nne foleni inafika kwenye maegesho.