TAHADHARI: Mbao "za dawa" zilizochovywa rangi ya kijani. Usitoe hela kabla hujakata ubao mmoja katikati

Ndugu zangu mnaojenga, hasa mlio Kigamboni na pwani yote ya Dar, someni hili kabla hamjatuma hela ya mbao.

Mwaka jana mwezi wa nane niliamua kuinua baraza la nyuma ya nyumba. Ni la zege na tailizi, liko chini ya sebule kwa ngazi mbili, na mama yangu magoti yamechoka. Akitaka kutoka kupunga upepo lazima ashikwe mkono. Nikataka deki ya mbao juu ya baraza lilelile, mita 5 kwa 3, ifike usawa wa mlango.

Muuzaji nilimpata mtandaoni. Dada huku, dada kule, mzigo unatoka Mafinga moja kwa moja, misindano iliyotiwa dawa kiwandani, mchwa hagusi. Akaleta sampuli mpaka nyumbani, kipande cha futi moja kilichokatwa pande zote mbili, kijani mpaka ndani. Ile sampuli ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyoniponza.

Mzigo ukaja saa tatu usiku. Mbao 52, milioni 1 na laki 3, na alitaka hela iingie kabla ya kushusha kwa sababu dereva anawahi kivuko. Lipa namba ikaleta jina jingine kabisa, akasema ni la mke wake. Nikalipa.

Asubuhi naona kila ubao umepakwa rangi nzito nyekundu kwenye ncha zote mbili. Nikampigia. Akasema ni ya kuzuia mbao zisipasuke, tena akanionya nisikate ovyo, nikikata dawa inapotea. Hapa naomba mnielewe vizuri, maana alichosema kina ukweli ndani yake. Ncha za mbao hupakwa kweli zisikauke haraka zikapasuka. Na ubao wa dawa ukiukata, unatakiwa upake dawa pale ulipokata. Lakini ncha ndipo mahali pekee ambapo ungeona kama dawa imeingia, na yeye alikuwa amepaziba.

Dawa ya kweli haipakwi kwa brashi. Mbao zikishakauka zinaingizwa kwenye tangi la chuma, hewa inavutwa nje, halafu dawa inasukumwa kwa presha mpaka ndani. Ule ukijani unatokana na shaba iliyomo kwenye dawa. Zangu zilichovywa kwenye maji ya rangi, basi.

Fundi naye alikuwa wa kwake, laki 4 na nusu. Alikata mbao mimi nikiwa kazini, lazima aliona weupe wa ndani, akanyamaza. Boriti za chini akazilaza moja kwa moja juu ya tailizi, maji ya mvua hayana pa kutokea wala upepo haupiti, na ule ufa wa zamani wa baraza akaufunika hivyohivyo.

Masika yakapita. Mwezi wa tano mama kakaa na chai yake, mguu wa kiti ukazama kwenye ubao. Aliwahi kushika nguzo, namshukuru Mungu sana, vinginevyo leo ningeandika habari nyingine. Nikang'oa ule ubao. Juu kijani safi kabisa. Chini njia za udongo za mchwa, na nilipobonyeza kidole kikaingia. Nikachukua mwingine ambao bado mzima nikaukata kwa msumeno: kijani unene wa karatasi, ndani nyeupe tupu.

Kwa hiyo nendeni mchana, chagueni wenyewe ubao mmoja kutoka katikati ya rundo, mkate katikati yake na si mwishoni, kwa sababu ncha hunywa rangi hata kwa kuchovywa tu. Mwambie muuzaji ubao huo utaulipia. Akikataa, ondoka. Kiini cha gogo kinaweza kubaki cheupe hata kwenye mbao halali, hakipokei dawa vizuri, lakini sehemu inayokizunguka lazima iwe imekolea. Dai risiti ya EFD yenye jina la biashara unayoilipa. Fundi awe wako.

Jirani ameniomba vipande avitumie kuni, nimemkatalia. Rangi ile siijui ni ya nini, na mbao zenye dawa ya kweli ya kijani mara nyingi zina aseniki. Moshi wake ni sumu, msizipikie kabisa.

Nina RB ya polisi, kwa hiyo jina la muuzaji silitaji hapa. Namba yake haipatikani. Ukurasa umebadilishwa jina wiki iliyopita, ila picha ya rundo la mbao lenye ndoo ya bluu pembeni bado ipo. Kama una mbao zenye ncha nyekundu kama hizi, usizitupe. Kata moja, piga picha, nitumie inbox pamoja na ujumbe wa muamala wako.