Mgahawa wa dada Mhabeshi hapa Moshi: kahawa 10, msosi 8, haraka 3

Aisee mwaka mzima napita njia ya KCMC naona kibao cha kijani, njano na nyekundu najua ni kijiwe cha marasta, sikuwahi hata kusimama. Kumbe ni mgahawa wa Wahabeshi. Ijumaa iliyopita bi mkubwa ameshuka kutoka Kibosho kuja kliniki ya macho, tumetoka pale saa nane mchana njaa imetushika, mama hataki chipsi, hataki foleni ya daladala, nikasema basi tuingie hapa hapa liwalo na liwe.

Nianze na lawama kabisa ili tusigombane baadaye. Msosi umechukua dakika 50. Hamsini! Mama akaanza kuuliza hawa wameenda kulima kwanza au vipi. Soda zilikuwa za moto, na yule kijana anayehudumia ukimwita anakuitikia kwa adabu sana afu anapotelea jikoni. Sinia la watu wawili elfu 28, sio bei ya mama ntilie, ujue unapoingia. Na usiulize kitimoto, jamaa wa meza ya jirani aliuliza mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, Waorthodoksi wa Ethiopia hawagusi hiyo kitu, na siku kama hiyo ya Ijumaa mwenye mgahawa mwenyewe hali nyama wala maziwa, amefunga. Jumatano pia. Wewe mteja nyama unapewa kama kawaida.

Sasa sinia likaja. Injera, mkate wao mpana mwembamba, imetandikwa chini kama kitambaa, juu yake vijilima vijilima: shiro (rojo la unga wa jamii ya kunde), dengu nyekundu zenye pilipili ya berbere, mboga za majani, mbuzi wa kukaanga na samli yenye viungo, na kuku wa mchuzi mwekundu na yai la kuchemsha katikati. Vijiko hakuna, unamega injera unachotea. Mama akamega, akatafuna, akanyamaza, afu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kaunta, "Hii chapati yao imechacha."

Nikatamani ardhi ipasuke. Mwenye mgahawa akaja mwenyewe anacheka, akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama. Ni kweli imechacha, tumeichachusha makusudi siku tatu, kama nyie mnavyofanya mbege." Basi mama akalainika hapo hapo, maana mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, anaijua. Kumbe hata kwenye injera yake ulezi umo! Teff ndo nafaka yao, punje zake ndogo kuliko hata ulezi, huku haipatikani kirahisi, anategemea watu wake wanaoshuka na ndege KIA wambebee, kwa hiyo anachanganya na ulezi anaonunua soko la Mbuyuni. Anasema mwezi wa saba baridi ya hapa inamsumbua, unga unagoma kuumuka mpaka aulaze karibu na jiko. Afu akakunja tonge kubwa akamlisha mama mdomoni kwa mkono wake, wanaita gursha, ni heshima kwao. Mama wa miaka 74 analishwa kama mtoto, na akafungua mdomo.

Nikamuuliza ilikuwaje akaja Moshi maana mi mmbea. Alisomea uhasibu Addis Ababa, akamfuata mume aliyepata ajira Arusha, akazunguka na cheti chake maofisini hakuna aliyekitaka. Akaanza kupika injera nyumbani, mtaa wa Sakina huko huko Arusha, anatia kwenye hotpot, anawapelekea Waethiopia wenzake kazini. Kiswahili hajui, bei anaandika kwenye kiganja. Anasema kitu pekee kilichomwokoa mwanzoni ni saa, maana kwao nao wanahesabu kama sisi, saa moja asubuhi ya kwetu na kwao ni saa moja, ukimwambia lete chakula saa saba hakosei, wakati wazungu wa ofisi hizo hizo walikuwa bado wanajumlisha sita kwa vidole. Dah, hiyo sikuwahi kuijua.

Baadaye akahamia Moshi kwa sababu ya kodi ya fremu, na sasa ana wafanyakazi tisa, wote wa huku, anayechoma injera ni binti wa Rombo na mwenyewe anakiri binti kamzidi mkono. Uhasibu haujapotea, daftari lake nimeliona, limenyooka kuliko la saccos yetu. Kazi kubwa anasema sio kupika, ni makaratasi: kibali cha daraja A, cha mgeni mwenye biashara yake, kila baada ya miaka miwili, leseni, TRA, wafanyakazi kupimwa afya. Ile amri ya 2025 ya kukataza wageni biashara 15 ilipotoka, wateja walimpigia simu siku nzima wanamuuliza kama anafunga, na mgahawa haumo kwenye orodha. "Nililia kidogo," akasema, "afu nikarudi kuosha dengu."

Ila jamani kilichonifanya niandike yote haya ni kahawa. Buna. Anakaa kwenye kigoda, anachoma ubani, anaosha kahawa mbichi, anaikaanga mbele yenu, anawapitishia moshi wake mnuse, anatwanga, anachemsha kwenye kibirika cha udongo chenye shingo ndefu, analeta na bisi. Raundi tatu, abol, tona, baraka, na ukiondoka baada ya ya kwanza umemkosea. Elfu 5 tu. Akamuuliza mama anaionaje, mama akasema nzuri, inatoka kwenu? "Hapana mama, hii ya Kibosho."

Mama akaweka kikombe chini. Kwetu kahawa tumechuma tangu tuko wadogo, tumemenya, tumeosha, tumeanika, babu akapeleka chama cha msingi, ikaenda kukobolewa na kupigwa mnada hapa hapa mjini, na sisi jioni tunakunywa chai ya rangi. Ilikuwa ya kuuza, nani angeithubutu. Akanywa raundi zote tatu kimya, akaomba na ya nne ambayo haipo kwenye utaratibu wao, akapewa.

Ukienda piga simu saa moja kabla ili dakika 50 zisikukute mezani, na kama unaenda na mzee mwambie mapema kuhusu vijiko. Mi nilirudi nyumbani nikalala vizuri tu, saa tisa usiku simu inaita, ni bi mkubwa, macho makavu, usingizi hauji, anauliza kile kibirika cha udongo kinauzwa wapi.