Skana ya laki nane na nusu kwenye tansfa ya 4x4: nimeitukana wiki nzima, jana nikanyamaza

Mwagonile wanangu, karibuni tena gereji, leo tupo Uyole asubuhi asubuhi, baridi kama mnavyoona mdomo unatoa moshi, na sauti ikikwaruza mnisamehe, ile maiki niliyowaahidi bado ipo kwenye basi inatoka Dar. Haya. Hapa juu ya boneti ndo ile skana, mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, mliyonisumbua nayo kwenye komenti. Kioo inchi saba, unaichomeka kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, mambo ya memori sijui prosesa kasomeni kwenye boksi, mi siwezi kuwamalizia bando kwa hilo.

Niseme ukweli, wiki ya kwanza niliitukana sana. Kioo hakitaki vidole vya baridi, Juni hapa Uyole unagusa mara nne ndo kinaitika, na menyu yote Kiingereza cha kiwandani. Nikasema laki nane na nusu yangu ndo imeenda hivyo, bora ningebaki na kale ka-bluetooth ka elfu 25 ka kuunganisha na simu. Sasa njooni huku chini muone kilichonigeuza, dogo shusha kamera.

Hii SUV ya Kijerumani ni ya mzee mmoja analima viazi kule juu Isyonje. Imewasha taa tatu kwa mpigo, ABS, breki na 4x4, akipanda njia ya Kitulo na tope lile mnalijua, tairi za nyuma zinazunguka, za mbele zimelala. Kaja na karatasi ya gereji fulani, wamempimia kwa mashine wakamwandikia abadilishe tansfa nzima, yaani lile boksi la gia linalogawa nguvu ya injini kwa tairi za mbele na za nyuma, milioni mbili na laki tatu, tena used. Mzee ananiambia, "Fundi, hizo ni gunia zangu za msimu mzima." Nikamwambia mzee wangu tulia kwanza, tusome na sisi.

Tukasoma, na kodi ikatoka kweli, siyo kodi ya TRA jamani, kodi ya hitilafu, saketi ya mota ya tansfa. Sasa hapo ndo tunapokosea mafundi wengi, na mimi nimo, miaka ya nyuma nimeshauzisha watu vifaa bure. Kodi inakutajia mtaa, nyumba unatafuta mwenyewe. Saketi ya mota inaweza kuwa mota, waya, soketi, fyuzi, hata kontroli boksi yenyewe. Kale ka-bluetooth ndo hata mtaa kasingekufikisha, kenyewe mara nyingi kanaongea na injini tu, tansfa hakaijui.

Angalieni sasa. Gari ipo kwenye stendi, tairi zote nne hewani, switchi on, injini haijawashwa, na chaja nimeiweka kwenye betri maana volti zikishuka chini ya 12 kompyuta inaanza kutapika kodi za uongo. Naingia tansfa, naingia jaribio la mota, nabonyeza. Skilizeni.

Ngrrr-tak.

Mmeskia? Skana ndo imeiamuru mota ibane klachi ya tansfa, ile inayopeleka nguvu tairi za mbele, sijashika spana hata moja. Narudia. Ngrrr-tak. Kwaiyo mota iko hai. Na hapa kwenye grafu, ampea zinaruka mota ikianza alafu zinatulia. Zingepanda zikaganda huko huko ningejua imekwama, ingezunguka tu bila kubana ningewaza gia ya plastiki ya ndani imeliwa meno, na zikikaa sifuri basi umeme haupiti.

Dogo bonyeza wewe, mi nishike hii wayaringi inayopita juu ya tansfa. Bonyeza. Ngrrr-tak. Sasa naitikisa. Bonyeza... Kimya. Ona grafu, sifuri. Naachia, bonyeza. Ngrrr-tak! Jana nilivyoona hivi nilipiga kelele mpaka mama ntilie wa hapo jirani akaja na mwiko wake mkononi. Sogeza kamera kwenye soketi, hiyo pini ya pili, kijani kama mchicha, na mpira wake wa kuzuia maji umepasuka. Maji ya tope yameingia, ikikauka inashika, ikilowa inaachia. Soketi nzima na pini zake nimezitoa Mwanjelwa kwenye gari iliyochinjwa, elfu 18. Ehee.

Na mzee nimemgombeza kwa heshima, kafunga tairi mbili mpya mbele, za nyuma zimekwisha upara. Tairi zikipishana ukubwa kompyuta inaona kama gari inateleza muda wote, klachi inabana na kuachia mpaka oili inaungua, kesho tena tutalaumu tansfa.

Sasa msije mkasema nimelipwa. Betri ya hii skana haimalizi saa mbili, apdeti ni bure mwaka mmoja alafu unalipia, na kuna gari moja ya Kijapani nilibadilisha mota nikataka kuifundisha kompyuta upya, ikagoma kabisa. Multimita usiuze. Ukikuta kodi zinazoanza na U, yaani moduli, zile kompyuta ndogo ndogo za gari, haziongei, chomoa betri, pima omu kati ya pini 6 na 14 za ile soketi ya chini ya usukani, gari nyingi za CAN, zile ambazo kompyuta zake zinaongea kwa waya mbili, utapata kama 60, ukikuta 120 jua kuna upande umekatika, na hapo multimita ya elfu 40 imekutosha. Kama una gari moja ya kwenda kazini baki na ka-bluetooth kako. Kama unapokea gari za watu, hilo jaribio la mota peke yake mi nalilipia tena.

Bei nimenunua Kariakoo 850,000, alafu juzi mdau kanitumia risiti yake ya 780,000, naomba tusiliongelee. Tumebakiza kama mia mbili tufike subscriber elfu kumi, tukifika tunapanda nayo Kitulo mvua zikianza.

Huyo mzee anaingia getini. Shikamoo mzee! Dogo lete hiyo soketi, kamera iache hapo hapo juu ya tairi.