Kiti cha dereva wa treni kwa shilingi 500, Chikongola

Kuna kibanda umiza kimoja pale Chikongola, Mtwara mjini, ambacho asubuhi kabla ya mpira huonyesha video za treni. Si zile za watu kupigana juu ya mabehewa. Ni kamera tu imefungwa mbele ya kichwa cha treni, inatazama reli, basi. Kiingilio 500, unakaa mpaka uchoke mwenyewe. Mimi ni dereva mstaafu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, niliyerudi nyumbani kusini, kwa hiyo vijana wakiniita, "Babu, njoo uone kazi yako," miguu inatangulia.

Video ninayoisemea hapa ni ya njia ya Bergen kwenda Oslo, kule Norway. Shirika la utangazaji la huko, NRK, liliirusha safari nzima kwenye televisheni mwaka 2009, zaidi ya saa saba, kisha likaruhusu watu waipakue bure mtandaoni.

Kilichonifurahisha ni kwamba hawakukata kitu. Video nyingi za treni zinakupa daraja, kona nzuri, mlima, halafu umefika. Hapa treni ikisimama stesheni, na wewe umesimama. Milimani njia ni moja, kwa hiyo kuna mahali lazima mmoja akae pembeni mwenzake apite ndipo apewe taa. Vijana wakaanza kelele: "Peleka mbele hiyo!" Nikawaambia waache, hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwenye TAZARA nimekaa njia ya kupishana mpaka chai ikapoa na kupashwa tena, macho yakiwa palepale kwenye ishara. Anayetaka udereva aanze kujipima kwa dakika hizo.

Halafu mlima. Kutoka baharini Bergen unapanda hadi stesheni ya Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Benchi zima liliguna. Mimi sikuguna sana, maana Makambako, kwenye TAZARA yetu, iko juu kuliko hapo, na nimepandisha mizigo kutoka Mlimba, mahandaki na madaraja yakipokezana, usiku, mvua inanyesha. Ila Wanorway nawavulia kofia kwa theluji. Njia yao ilifunguliwa mwaka 1909, na mpaka leo kuna sehemu imejengewa mapaa juu ya reli ili theluji isiifukie. Handaki la Finse, lenye zaidi ya kilomita 10, lilifunguliwa mwaka 1993 ili treni zipite chini na kuiachia theluji mlima wake. Tulipoingia humo kioo kikawa cheusi, na mtu wa nyuma akapiga mbinja akidhani umeme umekatika.

Sasa kasoro. Kamera inaona reli, haioni mikono. Kwenye mteremko dereva haangalii mandhari. Yuko na breki ya upepo: anapunguza upepo kwenye bomba ili breki zishike, na behewa la nyuma kabisa linapata habari baadaye kuliko la mbele. Treni ndefu ya mizigo unaweza kuifungia breki hapa ikasimama kilomita moja mbele. Na ukifunga na kuachia ovyo ovyo, upepo unakuishia kabla haujajaa tena, mlima nao haukungojei. Yote hayo mtazamaji hayapati. Anaona treni inashuka taratibu, anadhani inashuka yenyewe.

Angalau sauti ingesaidia. Dereva anasikiliza magurudumu yanavyolia kwenye kona, anajua kama kuna kitu kinakwaruza. Lakini mwenye banda alizima sauti ya video akatuwekea singeli! Niliomba apunguze, akapunguza nusu saa, akarudisha. Kijana wangu, treni haina haja ya ngoma.

Katikati ya safari dogo mmoja akaniuliza kama treni iliwahi kufika Mtwara. Nikamwambia ilifika, tena bandarini. Waingereza walijenga reli ya Nachingwea kwa ajili ya ule mradi wao mkubwa wa karanga, baadaye tawi likafika hadi Masasi. Karanga zilikuwa zimeshawashinda mapema, mizigo ikawa haitoshi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Hakuamini. Akasema, "Babu, hiyo umeitoa kwenye video nyingine." Sasa tunaisubiri ile ya Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo tumeisikia sana kwenye hotuba.

Video naipa nyota nne, banda nalipa mbili. Benchi hazina egemeo, feni ni moja na imeelekezwa kwa mwenye banda. Nje yupo mama anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, nunua kabla hujaingia maana ukitoka kiti chako kimekwenda. Wanaanza saa mbili asubuhi. Kaa upande wa kushoto, kulia jua linapiga kwenye kioo. Ikifika saa nane mchana treni inazimwa ilipofikia, wanaingia watu wa mpira na kiingilio kinapanda. Ndiyo maana Oslo yenyewe hakuna aliyewahi kuiona pale, na mimi nimemo.